Gia ndani ya habu: utachagua ipi kwa guta lako?

Shinyanga ni mji wa baiskeli. Hapo ukisikia "daladala", usishangae ukiletewa baiskeli yenye kiti cha abiria. Kutoka huko hadi Geita, maji, mkaa na mahindi bado vinasafiri kwa pedali. Sasa tuseme unamchomelea mama muuza mahindi guta la matairi matatu. Gia ipi itamfaa?

Gia za nje, zile za mnyororo kuruka meno, hazipatani na udongo wa mbuga. Mvua ikinyesha tope jeusi linaganda kila mahali. Habu ya gia huficha kila kitu ndani. Katikati kuna gia iliyokazwa kwenye ekseli, gia ndogo zinaizunguka kama sayari, na nje kuna pete yenye meno kwa ndani. Katika habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer AW, gia ya kati ina meno 20 na pete 60. Kwa hiyo gia nyepesi ni 60/80, yaani 0.75, ya pili ni 1, nzito ni 80/60, yaani 1.33.

Hebu tupige hesabu. Guta, dereva na mzigo ni kilo 200. Mlima unapanda mita 5 kwa kila mita 100, njia ni ya vumbi. Ukiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma bila gia, kila pedali inadai msukumo wa wastani kama kilo 70. Dereva wa kilo 60 atashuka asukume tu! Weka habu ya gia tatu na meno 22 nyuma: kwenye gia nyepesi msukumo unashuka hadi kilo 43 hivi. Akirudi mtupu, gia ya tatu inampa mwendo kuliko ile baiskeli ya mwanzo. Umeona? Meno ya nyuma yana kazi kubwa sawa na habu yenyewe.

Kwa hiyo usikimbilie gia nyingi. Gia nane zina vipande vingi vidogo, na kikivunjika kimoja, spea utaipata wapi? Habu ya gia tatu ya mtumba inatosha, ila kagua mambo manne:

1. Matundu ya spoki. Habu ya matundu 36 haiendi na rimu ya 40.
2. Washa za kuzuia ekseli isizunguke. Bila hizo, mzigo utaigeuza ekseli na kukata waya wa gia.
3. Waya wa gia. Ukilegea, habu inaweza kukosa gia ghafla. Aliyesimama juu ya pedali ataanguka.
4. Breki. Kilo 200 zikishuka mlima zinahitaji breki kwenye zaidi ya gurudumu moja.

Kama guta lina magurudumu mawili nyuma, funga habu katikati ya fremu, mnyororo wa pili uendelee hadi kwenye ekseli ya nyuma. Hesabu ni ileile: zidisha tu na uwiano wa mnyororo huo wa pili. Fanya hesabu hiyo kwanza, ndipo uende kwa fundi.