Kekee Apitaye Chini ya Mto

Sogeeni wanangu, leo tunazungumza habari za mabomba na mito.

Ninyi wa Bunju, Boko na Tegeta, maji mnayokinga kwenye ndoo yametoka mbali. Yanachotwa Mto Ruvu, kule Bagamoyo, kwenye mtambo wa Ruvu Chini unaofanya kazi tangu mwaka 1976. Ili yafike Kinondoni, lazima yavuke Mto Mpiji. Wenzenu wa Temeke nao wana Mto Kizinga na Mto Mzinga. Dar es Salaam ni mji wa mito, na mabomba hayana mbawa.

"Mjomba, si yafungwe tu ubavuni mwa daraja?"

Mengi hufungwa hivyo. Lakini mafuriko hayachagui. Mvua za Desemba 2011 ziliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, hata wakapewa viwanja Mabwepande. Mto wenye nguvu za namna hiyo ukikokota gogo, ukalibamiza kwenye bomba, mtaa mzima unalala bila maji.

"Basi lilazwe chini mtoni! Si waya wa umeme wa Unguja umelazwa chini ya bahari?"

Hongera, wewe unafikiri! Ndiyo, waya huo unaingia baharini Ras Kilomoni, hapo hapo Kinondoni, ukatokea Fumba. Lakini mito yetu ina tabia yake. Kiangazi imelala, masika inakwangua kitanda chake na kuhama na mchanga. Halafu wachimbaji nao huuzoa mchanga uliobaki kwa malori. Bomba lililofukiwa vizuri mwaka jana, mwaka huu liko nje, linaning'inia. Kwa hiyo dawa ni kupita chini zaidi, mahali ambapo mto haufiki.

Hapo ndipo anapoingia Kekee, kichwa cha kutobolea ardhi. Mwacheni aseme mwenyewe.

"Mimi ni Kekee. Mashine yangu hukaa ng'ambo hii, mbali kidogo na maji. Naingia ardhini kwa mshazari, nashuka, nanyooka chini ya mto, kisha napanda na kutokea ng'ambo ile. Mto sijaugusa."

"Kekee, huko chini kuna giza. Unapindaje kona?"

"Uso wangu umekatwa upande, haukusawazishwa. Fundi akinizungusha huku ananisukuma, naenda moja kwa moja. Akiacha kunizungusha, akanisukuma tu, uso wangu unanivuta upande ulioelekea. Uso ukitazama juu, napanda. Ukitazama chini, nashuka."

"Na fundi anajuaje uko wapi?"

"Nimebeba redio ndogo nyuma ya uso wangu. Mwenzake anatembea juu na kifaa mkononi, anasikiliza. Anamwambia: kina ni hiki, uso umetazama huku. Aliye juu ndiye jicho langu."

Mwaka 1971, Mmarekani aitwaye Martin Cherrington alipitisha bomba la gesi hivyo chini ya Mto Pajaro, California, zaidi ya mita 180. Mimi namheshimu sana. Maana wakati huo ufundi wa kumwongoza Kekee ulikuwa bado mchanga.

"Mjomba, kwa nini shimo halibomoki?"

Kekee hutema tope anapokwenda. Tope hilo ni maji na udongo laini uitwao bentonaiti. Linatoa vifusi nje, linampoza Kekee, na linazishika kuta za shimo. Lakini lina hatari yake. Likisukumwa kwa nguvu mno hupasua ardhi na kuibukia mtoni, na samaki hawalipendi. Fundi mwema akiona geji ya tope inashuka ghafla, husimamisha kazi pale pale.

Kekee akishatokea, anafunguliwa. Anafungwa mwenzake mnene, anarudi akilipanua shimo. Hurudia hivyo mpaka shimo linalizidi bomba kwa upana. Mmemwona bibi akitia kamba kwenye kiuno cha sketi? Anatanguliza pini, anaisukuma, ikitokea anaivuta, na kamba inafuata. Basi bomba nalo hufungwa nyuma, likavutwa lote kwa mara moja, polepole, bila kusimama. Likisimama, udongo unaweza kulikamata.

"Lote? Hata mita 200?"

Lote! Ndiyo maana mafundi huliunga kwanza juu ya ardhi, likalala kando ya njia kama lilivyo refu. Ncha za mabomba ya plastiki ngumu huyeyushwa kwa sahani ya moto, zikakandamizwa pamoja, zikaachwa zipoe. Haraka hapo ni mwiko. Kila kiungo hukaguliwa, kisha bomba hujazwa maji ya presha na sindano ya geji ikaangaliwa. Baada ya kuvutwa, hupimwa tena.

"Na sindano ikishuka, Mjomba?"

Huenda likalazimika kuvutwa litoke, lote, wanangu. Hakuna fundi wa kupiga mbizi kwenye udongo akazibe tundu.