Rudi au Rudia? Istilahi za Chati ya Muziki wa Jazi

Miongoni mwa maandishi yanayomtaabisha mfasiri ni yale yenye amri fupi. Mwanamuziki anayesoma karatasi huku anapiga hana nafasi ya kuuliza maana ya neno. Ikiwa amri ina utata, mmoja atarejea mwanzo na mwenzake atasonga mbele, na wote wawili wataamini kwamba wametii. Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi za amri hizo katika chati za mazoezi ya jazi, na kutoa mapendekezo.

Jazi inayozungumzwa hapa ni ile iliyochimbuka miongoni mwa Wamarekani Weusi, hasa mjini New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Siyo muziki wa dansi wa bendi zetu za zamani kama vile Morogoro Jazz na Western Jazz, ingawa ziliazima jina hilo. Mpigaji wa jazi aghalabu haandikiwi kila noti. Hupewa karatasi inayoonyesha noti zipi zilie pamoja na kwa muda gani. Mengine huyabuni papo hapo.

Noti kadhaa zinazolia pamoja tunapendekeza ziitwe *fungu la noti*, au *fungu* kwa ufupi. Kutohoa neno la Kiingereza kungetupatia *kodi*, neno ambalo tayari lina kazi nzito serikalini. Kadhalika, sehemu ndogo ya wimbo yenye idadi maalumu ya mapigo, mathalani 4, tunapendekeza iitwe *kipimo*. Tukitohoa tutapata *baa*, yaani balaa au mahali pa kunywea pombe.

Sasa tuangalie mfano. Wimbo "Take the 'A' Train", uliotungwa na Billy Strayhorn mwaka 1939 kwa ajili ya bendi ya Duke Ellington, una vipimo 32 vilivyogawanyika katika sehemu nne za vipimo 8: A, A, B, A. Katika chati iliyozoeleka, vipimo 6 vya mwanzo vya A havibadiliki. Tofauti iko katika viwili vya mwisho. Mara ya kwanza fungu la C hufuatwa na Dm7 na G7, ambayo humrejesha mpigaji kwenye C ya mwanzo. Mara ya pili C hufuatwa na C7, ambalo humvusha hadi F, fungu linaloanza sehemu B.

Vipimo hivyo viwili Kiingereza huviita "mwisho wa kwanza" na "mwisho wa pili". Mfasiri atakayeyachukua majina hayo neno kwa neno atampoteza msomaji, kwa kuwa hapo hapaishi kitu. Isitoshe, A ya tatu inapaswa kuelekea tena mwanzoni, kwa hiyo hutumia ule "mwisho wa kwanza" na siyo wa pili. Ndiyo sababu tunapendekeza *njia ya 1* na *njia ya 2*. Njia huelezwa kwa mahali inapoelekea, na mtu aweza kuipita zaidi ya mara moja.

Kuhusu amri zenyewe, Kiswahili kimetujalia vitenzi viwili visivyopaswa kuchanganywa. *Kurudia* ni kufanya tena jambo lile lile. *Kurudi* ni kwenda mahali ulipotoka. Alama ya nukta mbili kando ya mistari miwili iitwe *alama ya kurudia*. Vifupisho vya Kiitaliano D.C. na D.S. vibaki kama vilivyo, kwani mpigaji atavikuta kote duniani, ila vifafanuliwe kuwa *rudi mwanzo* na *rudi kwenye alama*. Coda, ambayo kwa Kiitaliano ni mkia, iitwe *kimalizio*. Mzunguko mzima wa vipimo 32 usiitwe *kiitikio*, hata kama Kiingereza hutumia neno lile lile kwa vyote viwili, uitwe *mzunguko*.

Istilahi peke yake haitoshi bila mpangilio. Kwa kutumia njia mbili na amri ya kurudi mwanzo, vipimo 32 vya wimbo huo huweza kuandikwa kwa vipimo 18 tu. Lakini ufupi huo una gharama, kwani mwanafunzi lazima akumbuke kwamba safari ya tatu A hairudiwi. Ni afadhali A ya mwisho iandikwe kamili. Jumla itakuwa vipimo 26, vinavyoenea katika ukurasa mmoja. Aidha, kila mstari uwe na vipimo 4, kila sehemu ianzie ukingoni kushoto na kutanguliwa na herufi yake, na njia ya 2 iandikwe chini kabisa ya njia ya 1 ili jicho lizilinganishe.

Funzo hili halimhusu mwanamuziki pekee. Amri yoyote, iwe ya chati, fomu au waraka wa serikali, haijakamilika mpaka itaje tendo, mahali pa kulifanyia na idadi ya mara. Walimu wa muziki na wafasiri wanaombwa kuyajaribu mapendekezo haya darasani kabla hayajafikiriwa kusanifishwa. Istilahi itakayowafanya wapigaji wawili wafike B kwa pigo moja ndiyo itakayostahili kubaki.