Mtoto, begi na gunia kwenye bodaboda moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukisimama kwenye mtaa wowote wa Dar es Salaam, picha ni ileile. Dereva wa bodaboda yuko mbele. Nyuma yake kuna mtoto wa darasa la kwanza, kisha kaka yake wa darasa la nne, kila mmoja na begi mgongoni. Juu ya tangi la mafuta kuna ndoo ya mteja mwingine, na kwenye keria ya nyuma kuna gunia lililofungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu. Mama yuko mlangoni anapunga mkono. Ameshamwambia dereva aende polepole, na dereva ameshajibu, "Usijali mama."

Mama huyo si mzembe. Daladala za asubuhi hukwepa wanafunzi, basi la shule lina bei yake, na kazini anatakiwa mapema. Dereva anamfahamu, ni kijana wa kijiweni, na watoto wanamwita anko.

Wazazi wakizungumzia hatari za bodaboda hutaja mwendo kasi, ulevi na kofia ngumu. Ni sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kitu kinachosahaulika ni mzigo. Mzigo ukishapangwa ndipo inajulikana mtoto atakaa wapi, na mahali anapokaa ndipo panapoamua ataumia kiungo gani.

Sheria inasemaje? Tanzania, kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zinakataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9 kwenye pikipiki ya biashara. Kenya, sheria ya usalama barabarani inaruhusu abiria mmoja tu. Kwa hiyo safari iliyoelezwa hapo juu haikubaliki Dar es Salaam wala Nairobi. Lakini inafanyika kila siku ya shule, na mzazi anayeifanya anastahili kujua hasa anachokihatarisha.

Kisigino na tairi la nyuma

Mtoto mdogo hafiki kwenye vikanyagio vya abiria. Miguu inaning'inia. Dereva akikata kona au akiruka tuta, mtoto hubana miguu ndani ili asianguke, na hapo kisigino huingia kwenye spoku za tairi la nyuma. Madaktari wa mifupa wanalifahamu jeraha hili vizuri: ngozi ya kisigino huchunika, mshipa mkubwa wa nyuma ya kifundo unaweza kukatika, na wakati mwingine mfupa huvunjika.

Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza jeraha linaweza kuonekana dogo. Ngozi imebanwa kati ya spoku na chuma, damu haifiki vizuri, na baada ya siku chache sehemu hiyo hubadilika kuwa nyeusi na kufa. Mzazi aliyepaka dawa ya duka na kumrudisha mtoto shuleni hujikuta hospitali wiki inayofuata, mtoto akihitaji kuwekewa kipande cha ngozi kutoka pajani.

Ikitokea, usivute mguu kwa nguvu. Dereva azime pikipiki, tairi lirudishwe nyuma taratibu, na ikibidi spoku zikatwe. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, bana panapotoka damu, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya hata kama anaweza kukanyaga. Apigwe picha ya eksirei, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kinga ya jeraha hili imekuwepo miaka mingi, na chanzo chake ni vazi la wanawake. Pikipiki nyingi za bodaboda, zikiwemo Boxer na TVS, ni za kampuni za India. Kule wanawake wengi hukaa upande wakiwa wamevaa sari, na kitambaa kile kirefu kilikuwa kikinaswa na tairi. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zikaagiza kila pikipiki iwe na vitu vitatu kwa ajili ya abiria: cha kushika, pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya tairi la nyuma. Ndicho kile chuma chenye wavu au vipande vya bapa kinachoonekana upande wa kushoto wa baadhi ya pikipiki, ambacho wengi wetu tumekiona bila kujua kazi yake. Anayevaa dera, khanga au buibui anakihitaji kama anavyokihitaji mvaa sari. Kwa mtoto ni muhimu zaidi.

Tatizo ni kwamba chuma hicho hung'olewa. Wengine hukitoa kwa sababu kinagonga, wengine ili kupata nafasi ya kufungia mizigo pembeni. Fundi wa kuchomelea anaweza kukirudisha. Mzazi anayelipa kwa mwezi ana sauti ya kuomba hilo kabla ya kukubaliana na dereva.

Mzigo unavyosukuma

Pikipiki husimama vizuri uzito ukiwa katikati na chini. Gunia likikaa kwenye keria, nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, uzito huvutwa nyuma na tairi la mbele huwa jepesi. Dereva husema usukani "unaelea". Breki ya mbele, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye nguvu zaidi, haishiki barabara inavyotakiwa. Na breki zikikamatwa ghafla, gunia lisilofungwa imara huja mbele. Aliyeko kati ya gunia na mgongo wa dereva ni mtoto.

Wapo wanaompandisha mtoto mbele, juu ya tangi, wakiamini dereva anamkumbatia. Pikipiki ikigonga kitu, uzito wote wa dereva humsukuma mtoto kwenye usukani, kifua na tumbo vikitangulia.

Begi la shule nalo ni mzigo. Likiwa mgongoni kwa mtoto humvuta nyuma kila dereva anapoongeza mafuta, na mikono yake midogo ndiyo inayopingana nalo. Dereva alivae yeye begi hilo kifuani, au lifungwe kwenye keria peke yake bila gunia.

Siku hizi yameenea masanduku magumu yenye kufuli yanayofungwa juu ya keria, hasa kwa wanaopeleka chakula na vifurushi. Kwa mzigo ni hatua nzuri, maana hautikisiki wala haulowi. Lakini sanduku si egemeo la mtoto. Mifuko inayoning'inia pembeni hushusha uzito chini, jambo linaloisaidia pikipiki kutulia, ilimradi isizibe vikanyagio vya abiria.

Za umeme zinaleta nini?

Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kuendesha bodaboda za umeme mwaka 2019, na Rwanda imetaka pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini humo kuanzia Januari 2025 ziwe za umeme. Nairobi kuna za Roam na Spiro. Kwenye vituo vya kubadilisha, dereva huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa.

Kwa mtoto, faida ya haraka ni kwamba hazina ekzosi. Bomba la moshi la pikipiki ya petroli, ambalo kwa nyingi liko kulia, ndilo linalowachoma watoto ndama ya mguu wanaposhuka. Ndiyo maana mtoto ashuke kushoto. Akiungua, mwagia maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta ya kupikia havina kazi hapo.

Upande wa pili, pikipiki ya umeme haina mlio wa kumwambia mtoto anayevuka barabara kwamba inakuja. Afundishwe kuangalia, asitegemee masikio tu. Na betri ikichajiwa nyumbani, isikae chumba wanacholala watoto wala karibu na mlango wa kutokea. Spoku na visigino, hata hivyo, havijali injini ni ya aina gani.

Kuhusu kofia, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69 kwa waliopata ajali ya pikipiki. Hiyo ni kofia inayomkaa mtu vizuri na iliyofungwa mkanda. Ya dereva kwa mtoto wa miaka 9 huzunguka kama sufuria. Ukinunua, mfungie mkanda kisha ijaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa.

India imekwenda mbali zaidi: kanuni iliyotangazwa Februari 2022 inataka mtoto wa chini ya miaka 4 afungwe mkanda maalumu unaomshikilia kwa dereva, na pikipiki isizidi kilomita 40 kwa saa.

Jioni dereva anapowarudisha watoto, kabla hajaondoka, mzazi anaweza kuchuchumaa upande wa kushoto na kuangalia mambo matatu: kinga ya tairi ipo, vikanyagio vya abiria havijapinda, na mguu wa mtoto wake unavifikia. Kama hauvifikii, mdogo bado hajafikia umri wa kupanda bodaboda. Hapo mazungumzo ni ya kutafuta bajaji, hata kwa kuchangiana na majirani wawili watatu.