Kelele za Motokari: Namna ya Kutambua Kadani na Beringi Zilizochakaa

Wakulima wa Walikale na Masisi, ninyi mnaolima mihogo, mpunga na ndizi, mwajua ya kuwa chakula kisichofika sokoni ni kazi ya bure. Watu walipoanza kuchimba mawe ya bati huko Bisie, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapakuwa na njia ya motokari ya kufika mlimani. Wachukuzi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakapita msituni mpaka Njingala. Na unga, chumvi na sabuni vilipanda mlimani kwa migongo ile ile. Baadaye kampuni ilipasua njia katika msitu, na mwaka 2019 mashine zake zikaanza kutoa bati.

Siku hizi mazao mengi hupita katika malori na jipu. Kwa hiyo yafaa mkulima ajue kidogo habari za motokari, ijapokuwa si yake. Maana lori likianguka, mihogo ni yake, na mtoto aliyeketi juu ya magunia ni wake.

Motokari haivunjiki ghafula mara nyingi. Kwanza hulia. Mwenye masikio na ajifunze kilio hicho.

BERINGI NI NINI? KADANI NI NINI?

Tazama chukudu cha watu wa Masisi na Goma. Ndani ya gurudumu lake mna pete ya chuma yenye gololi, nalo huzunguka kwa wepesi. Pete hiyo ndiyo beringi. Mafundi wengi wa kwetu huiita rulema. Motokari nayo ina beringi katika kila gurudumu. Nyingine zina gololi, nyingine zina vipipa vidogo vya chuma. Grisi huzilinda zisisagane.

Kadani ni chuma kirefu kizungukacho chini ya lori. Hutoka kwenye sanduku la gia, hupeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Wengine huiita propela. Katika ncha zake mna kiungo chenye umbo la msalaba, kiitwacho krosi, ili kadani iweze kupinda njia inapopanda na kushuka. Lori refu huwa na kadani ya vipande viwili, na katikati beringi ya kuishikilia.

KELELE GANI, UGONJWA GANI?

1. Ukisikia ko! lori linapoanza kwenda, na tena ko! dereva anapoachia mafuta na kukanyaga tena, shuku krosi. Imelegea.

2. Ukisikia ki-ki-ki kama ndege, lori likienda polepole, shuku krosi iliyokauka grisi. Hesabu mlio. Gurudumu likizunguka mara moja, kadani huzunguka mara tatu, mara nne, au zaidi. Kwa hiyo mlio upesi kuliko gurudumu ni wa kadani. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu, utafute katika gurudumu lenyewe, tairi au breki.

3. Sakafu ikitetemeka, na kutetemeka kuzidi kadiri mwendo unavyozidi, huenda kadani imepinda, au krosi imekwisha. Ngurumo ikitoka chini katikati ya lori, tazama beringi ya katikati na mpira wake.

4. Gurudumu likivuma vuuu, na mvumo ukapanda na mwendo, wala haubadiliki dereva akiachia mafuta, shuku beringi ya gurudumu. Je, ni upande gani? Lori likipinda kushoto, uzito huegemea kulia. Mvumo ukizidi hapo, kwa kawaida mgonjwa ni wa kulia. Ukizidi likipinda kulia, ni wa kushoto.

5. Katika motokari ndogo zivutwazo na magurudumu ya mbele, ukisikia tik-tik-tik wakati wa kukata kona, shuku kiungo cha mbele. Tazama mpira unaokifunika. Ukipasuka, grisi hutoka na matope huingia.

MSIDANGANYIKE NA TAIRI

Mimi mwenyewe nilisafiri juu ya lori lililopakia mihogo kavu. Gurudumu moja la nyuma lilivuma tangu asubuhi. Mama mmoja mwenye magunia akamwambia dereva, “Baba, gurudumu linalia.” Dereva akajibu, “Mama, hiyo ni tairi tu.” Tulisimama mara tatu, wala hakuna aliyeligusa. Jioni gurudumu likachomoka, lori likalala ubavu. Kwa neema hakufa mtu. Lakini mvua ilinyesha siku mbili, mihogo ikaota ukungu, na yule mama akarudi kwake na deni.

Yule mama alikuwa amesikia sawasawa. Kumbuka tofauti hii: mvumo wa tairi hubadilika udongo unapobadilika, kutoka changarawe mpaka matope laini. Mvumo wa beringi haubadiliki hivyo. Hufuata mwendo na uzito.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, lori likisimama baada ya mwendo mrefu, karibisha mgongo wa mkono wako kwenye kitovu cha kila gurudumu. Usikishike ghafula. Kimoja kikiwa cha moto sana kuliko vingine, kuna ubaya, katika beringi au katika breki. Msiondoke kabla ya kujua ni ipi.

Pili, pakueni mzigo, inueni gurudumu kwa jeki mahali pa tambarare, na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Lizungushe kwa mkono. Likikwaruza kama mchanga katika kinu, imeharibika.

Tatu, injini ikiwa imezimwa, shika kadani karibu na krosi, uizungushe huku na huku. Kiungo kikicheza, krosi imekwisha. Angalia sana: usilale chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tena, kadani ikifunguliwa, gia haiwezi kulizuia lori lisitembee, na katika motokari nyingine hata breki ya mkono haizuii. Ziba magurudumu yote kwanza.

KWA NINI HUHARIBIKA?

Adui mkubwa kwetu ni maji na matope. Gurudumu lenye moto likiingia mtoni, kitovu hupoa ghafula na kuvuta maji ndani kupitia mpira uzuiao grisi. Hatimaye grisi hugeuka nyeupe kama maziwa, na chuma hushika kutu. Basi ngojeni kidogo, magurudumu yapoe, ndipo mvuke. Adui wa pili ni mzigo kupita kiasi. Wa tatu ni fundi akazaye nati kupita kipimo. Beringi iliyobanwa huungua, ikawa na rangi ya buluu.

KUTENGENEZA

Beringi iliyochubuka au kuwa ya buluu haiponi kwa grisi mpya. Itupe. Badili pete ya ndani na ya nje pamoja, na mpira wa grisi pia. Safisha kitovu, shindilia grisi safi kwa kiganja mpaka ipenye katikati ya vipipa. Beringi za vipipa hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha nati hulegezwa kidogo kwa kipimo cha kitabu cha motokari. Tia pini mpya, usirudishe ya zamani. Kabla ya kufungua kadani, piga alama, ili irudi kama ilivyokuwa, ikigeuzwa, itatetemeka.

Basi, ndugu wakulima, msione haya kuuliza. Kabla ya kupakia gunia la kwanza, mwambieni dereva aende hatua chache, nanyi msikilize. Akisimama njiani, guseni vitovu. Kama gurudumu linalia, shusheni watu kwanza, kisha mzigo, aitwe fundi. Siku moja ya kungoja haiozeshi mihogo kavu iliyofunikwa vizuri. Lori lililoanguka huiozesha yote.