Ukipiga 114 kwa simu ya intaneti ya ofisini, Zimamoto watajua ulipo?

Dodoma. Chukua mfano huu: moto umezuka kwenye ofisi ya tawi mjini Kondoa. Mfanyakazi anapiga 114 kwa simu ya mezani, lakini simu inakatika kabla hajasema yuko wapi. Zimamoto waende wapi?

Kama simu hiyo inatumia intaneti na mtambo wake upo makao makuu Mtumba, jijini Dodoma, huenda ikaonekana imetoka Mtumba. Hapo ni zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye moto.

Yameshatokea. Mwaka 2008, familia moja ya Calgary, Kanada, ilipiga simu ya dharura kwa intaneti mtoto wao alipozidiwa. Gari la wagonjwa likatumwa Mississauga, upande wa pili wa nchi, kwa sababu kampuni ya simu ilikuwa na anwani yao ya zamani. Mtoto alifariki.

Tatizo liko wapi?

Simu ya zamani ya waya ilifungwa kwenye jengo moja, hivyo ukijua namba umejua mahali. Simu ya intaneti unaihamisha popote na namba inabaki ile ile.

Subneti inasaidiaje?

Subneti ni fungu la anwani za IP ndani ya mtandao wa ofisi. Fundi anaweza kuipa kila ghorofa au tawi fungu lake: vifaa vya ghorofa ya 3 Mtumba vianze na 10.20.3, vya Kondoa 10.20.9. Kisha anaandaa jedwali linaloonyesha kila fungu lipo jengo gani.

Ukipiga namba ya dharura, mtambo unasoma IP ya simu yako, unaangalia jedwali na kutoa mahali ulipo. Kama kituo cha dharura hakiwezi kupokea taarifa hiyo, mtambo unaweza kuwekwa umtaarifu mlinzi au mapokezi.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imerahisisha kazi hii, maana jedwali linaweza kubeba jina la barabara na namba ya jengo.

Inakwama wapi?

Jedwali lisiposasishwa ofisi inapohama, linadanganya. Wi-Fi yenye subneti moja kwa jengo zima haitaji ghorofa. Na anayefanya kazi nyumbani Nkuhungu kwa VPN anaweza kuonekana yupo Mtumba.

Ufanye nini?

• Taja mahali ulipo kwanza: mtaa, jengo, ghorofa. Tatizo lifuate.
• Tumia laini ya kawaida ya simu yako kupiga 112 (Polisi) au 114 (Zimamoto). WhatsApp haipigi namba hizo.
• Muulize mtu wa TEHAMA ofisini kwenu: jedwali lipo, na lilisasishwa lini?