Moshi wa Mzigo Uendao Butembo

Siku hizi mfanyabiashara wa Butembo, mashariki mwa Kongo, anaweza kuchagua viatu vya Guangzhou bila kutoka dukani kwake. Anapitia kurasa za Alibaba kwenye simu, anamtumia wakala picha kwa WhatsApp, kisha linabaki swali moja: mzigo uje kwa meli au kwa ndege? Ndege hutozwa kwa kilo, meli kwa mita za ujazo. Gharama zote mbili anaelezwa. Hewa ukaa itakayotoka njiani hatajiwi na mtu.

Inaweza kuonyeshwa palepale kwenye ukurasa wa duka, kwa kutumia kiongezo, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari. Ukurasa ukifunguka, kiongezo kinausoma, kinapiga hesabu na kuandika jibu kando ya bei. Taasisi ya The Shift Project ya Ufaransa ilikwisha kutoa kimoja, Carbonalyser, kinachokadiria hewa ukaa itokanayo na kuperuzi intaneti. Manunuzi yana ugumu zaidi, maana bidhaa husafiri mbali na macho ya kompyuta.

Kazi ya kwanza ni kuitambua bidhaa. Kurasa nyingi za maduka hubeba maelezo yaliyopangwa kwa ajili ya mashine: jina, chapa, bei. Uzito mara nyingi haumo. Kwa hiyo mjenzi huandaa jedwali la makadirio kwa kila aina ya bidhaa, na kumwachia mnunuzi nafasi ya kuandika kilo halisi akishazipata kwa wakala.

Kazi ya pili ni njia, na hapo ndipo zana iliyotengenezwa kwa ajili ya mnunuzi wa Paris inapompotosha mtu wa Butembo. Kwa makadirio ya kawaida, kusafirisha tani moja kwa kilomita moja hutoa takriban gramu 15 za hewa ukaa kwa meli ya makontena, gramu 100 kwa lori kubwa, na gramu 500 au zaidi kwa ndege. Kutoka kusini mwa China hadi Mombasa ni kama kilomita 10,000 za bahari: kila kilo ya mzigo hutoa gramu 150. Kutoka Mombasa, kupitia Kampala, mpaka wa Kasindi na Beni hadi Butembo, ni kama kilomita 1,700 za barabara: gramu 170. Safari ya nchi kavu, fupi mara sita, inaizidi bahari nzima.

Kilo hiyohiyo ikipanda ndege hadi Entebbe, Uganda, na kumaliziwa kwa lori, hutoa zaidi ya kilo nne na nusu za hewa ukaa. Ni takriban mara 14 ya njia ya meli.

Hata gramu 100 za lori zinahitaji kuchunguzwa. Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na Beni hadi Butembo 54. Vipande vyote viwili vimo katika mradi wa barabara ulioanzishwa mwaka 2021 na serikali za Kongo na Uganda. Lori linalohangaika kwenye matope hunywa mafuta kuliko lile la kwenye lami. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14083, kilichotolewa mwaka 2023, kinataka pia safari tupu zihesabiwe. Lori linalorudi na kakao ya Beni au kahawa lina hesabu tofauti na linalorudi tupu. Ndiyo maana jibu la kweli ni kiwango cha chini na cha juu, huku makisio yaliyotumika yakiwa wazi kwa anayetaka kuyakagua.

Usafiri pekee nao hautoshi. Kwa simu janja, sehemu kubwa ya hewa ukaa hutoka kwenye utengenezaji, hivyo kiwanda kipewe mstari wake.

Kwa kuwa wengi hununua kwa simu, mjenzi aanze na Firefox ya Android, iliyofungua milango kwa viongezo vingi Desemba 2023. Chrome ya Android haivipokei. Jedwali la njia na uzito likae ndani ya simu. Halitamaliza mega za mteja, wala orodha ya manunuzi yake haitatumwa kwa mtu yeyote. Maandishi yawe ya Kiswahili na Kifaransa.

Kiongezo hicho kikokotoe na tarehe. Shule za Kongo hufunguliwa Septemba, na mzigo wa meli unaweza kuchukua miezi miwili au zaidi hadi kufika Butembo. Mwenye duka anayetazama viatu vya wanafunzi mwezi Mei aelezwe kwamba meli bado itamfikishia kwa wakati. Akiagiza Agosti, ndege ndiyo pekee itakayomuwahisha.