Je, Wajua? Mwenzako Akinyolewa kwa Umeme, Zako Usitie Maji

Je, wajua kwamba kisu cha mashine ya umeme ya kunyolea ndevu hakipaswi kuligusa shavu lako hata mara moja? Kati ya kisu na ngozi kuna wavu wa chuma, na katika mashine nyingi unene wa wavu huo ni milimita 0.05 hadi 0.06 tu. Udevu mmoja ni mnene kuliko hapo. Udevu unapenya kwenye tundu, kisu kinapita kwa ndani, unakatwa, ngozi inabaki nje. Takriban kila lawama inayotupiwa mashine hizi, kuanzia “inaning'oa” hadi “hainyoi ikaisha”, inatokana na mambo mawili: ama udevu haukuingia tunduni, ama ngozi imeingia.

Je, wajua kwamba unene wa wavu huo unaweza kuuhesabu kwa saa? Ndevu hukua kama milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku. Kisu kilichojificha nyuma ya wavu wa milimita 0.05 kinakuachia kisiki ambacho ndevu hukikuza kwa muda wa saa tatu au nne. Wembe nao huuvuta udevu nje kidogo kabla ya kuukata, hivyo ncha hurudi na kuzama chini ya ngozi. Anayekwambia mashine yake inaushinda wembe kwa ulaini, huyo anauza mashine.

Je, wajua kwamba maji, msaidizi mkubwa wa wembe, ndiyo yanayoiharibia kazi mashine kavu? Unywele uliolowa hufyonza maji hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, ukavimba na kulainika. Kwa wembe hiyo ni neema, maana unakatika kwa nguvu kidogo. Kwa wavu ni balaa. Udevu laini unalala badala ya kusimama, unapitwa na tundu, na ngozi iliyolowa inatuna kuzunguka shina na kuficha sehemu ileile uliyotaka iondoke. Ndiyo maana kampuni ya Braun hushauri watu wanyoe kabla ya kunawa uso. Na ukitoka tu kitandani uso bado umevimba. Nyoa baada ya kunywa chai. Wahenga waliotuambia mwenzako akinyolewa zako tia maji walikuwa na wembe akilini.

Je, wajua kwamba jasho nalo ni maji? Hapa ndipo watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Muscat wanapopata taabu ambayo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ulaya havikuihesabu. Wavu ukikutana na jasho na mafuta ya ngozi hautelezi tena, unanata. Ukinata mtu anaongeza nguvu, na nguvu inaleta wekundu. Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni poda kidogo, iwe ya talki au ya wanga wa mahindi, inayopakwa kwa kiganja na kupanguswa ili ibaki ukungu tu. Ya pili ni losheni ya spiriti inayopakwa kabla ya kunyoa: spiriti inaruka na kuondoka na unyevu, ngozi inakaza, na mafuta mepesi yaliyochanganywa humo yanabaki ili wavu uteleze. Wenye ngozi kavu au yenye vidonda waiache spiriti kabisa. Mimi napendelea poda, na feni iwe inazunguka.

Na zile mashine zinazokubali povu na maji? Zimeundwa hivyo, na baadhi ya watu hupata nafuu kubwa nazo. Lakini kwazo au kwa nyingine yoyote, chagua upande: uso mkavu kabisa, au uso uliolowa na kujaa povu. Uso wa nusunusu, uliofutwa haraka kwa taulo, ndio mbaya kuliko yote.

Je, wajua kwamba Jacob Schick, ofisa wa jeshi la Marekani aliyeifikisha mashine hii sokoni, alianza na wazo la bunduki? Kabla ya kuingia kwenye umeme alibuni wembe wenye hazina ya nyembe za akiba ndani ya mpini, zikisukumwa moja baada ya nyingine kwa mtindo wa risasi. Inasimuliwa kwamba wazo la kunyoa bila maji wala sabuni lilimjia kaskazini ya mbali ya Amerika, alikokuwa akitafuta madini huku kifundo cha mguu kimeumia na baridi ikigandisha kila kitu. Muundo wake wa mwanzo ulitaka mikono yote miwili: mmoja ushike mota, mwingine ushike kichwa cha kunyolea, na katikati waya unaopindika wa kupeleka mzunguko. Mashine ya kushikwa kwa mkono mmoja iliuzwa New York Machi 1931 kwa dola 25, na hiyo ni katikati ya Mdororo Mkuu, watu wakipanga foleni za mkate.

Je, wajua kwamba mkono ule wa pili, uliokombolewa mwaka 1931, bado una kazi? Ndio wa kuvuta ngozi. Ngozi iliyonyooka inasimamisha udevu na haina makunyanzi ya kuingia kwenye matundu. Shingoni, ambako ndevu hulala na kuelekea kila upande, bila mkono huo hufiki popote: inua kidevu, vuta ngozi kuelekea chini, kisha pitisha mashine.

Je, wajua kwamba kukandamiza hakuongezi ulaini? Ngozi ni nyororo. Ukiibana dhidi ya wavu inatuna ndani ya matundu, kisu kinaiparua. Wavu nao unapata moto na kuchakaa mapema. Ishike mashine kwa vidole, usiishike kwa ngumi, na usikilize mlio: mota ikianza kunung'unika kwa sauti nzito ilhali chaji imejaa, umezidisha nguvu.

Je, wajua kwamba shingo inafaa iwe ya kwanza? Kichwa cha mashine hupata joto kadiri kinavyosuguana, kwa hiyo sehemu nyeti zipewe chuma kikiwa bado baridi, mashavu yatavumilia.

Je, wajua kwamba aina mbili kuu za mashine hizi hazitaki mwendo mmoja? Mashine ya wavu husimamishwa wima juu ya ngozi na kwenda kwa mistari iliyonyooka, kinyume na ndevu zinakoelekea. Mashine ya visahani vinavyozunguka hutaka miduara midogo. Wapo waliobadili mashine bila kubadili mkono, kisha wakaenda kuinadi kwa bei ya hasara.

Visahani hivyo vina mwenyewe. Alexandre Horowitz, mhandisi wa Philips huko Uholanzi, ndiye aliyevibuni, na Philishave ya kwanza ilitoka mwaka 1939 ikiwa na kichwa kimoja tu. Mwaka 1951 vikawa viwili, mwaka 1966 vikawa vitatu. Wavu, kwa upande wake, una deni kwa Max Braun wa Ujerumani, ambaye mashine yake ya S 50 iliingia sokoni mwaka 1950. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata. Mpangilio wa S 50, wavu mwembamba juu na kisu kinachotikisika chini yake, ndio huohuo unaouona leo dukani. Kasi ndiyo iliyobadilika: baadhi ya mashine za Panasonic hutajwa kufikia mitikisiko 14,000 kwa dakika.

Je, wajua kwamba marabi wamewahi kuichunguza mashine hii kwa makini kuliko wateja wengi? Sheria ya Kiyahudi, kwa msingi wa Mambo ya Walawi 19:27, inakataza kuondoa ndevu kwa wembe, ila mkasi unaruhusiwa. Sasa mashine ya umeme ni kipi kati ya hivyo viwili? Marabi wengi waliona kwamba udevu unakatwa kati ya vyuma viwili vinavyokutana, yaani wavu na kisu, na kwamba kisu hakifiki kwenye ngozi. Kwa hiyo ni mkasi. Halafu Philips wakaleta visahani ambavyo chuma cha kwanza kinaunyanyua udevu na cha pili kinaukata chini zaidi. Mjadala ukafumuka upya, maana hapo kazi ya wembe imekaribiwa. Mpaka leo kuna mafundi wanaoviondoa vinyanyuzi hivyo kwa wateja wanaotaka kunyoa bila kuvunja sheria. Ukitaka kuelewa mashine inavyokata, hoja za marabi hao zinafundisha kuliko tangazo lolote la televisheni.

Je, wajua kwamba kwa mwenye nywele za kipilipili, kunyoa hadi chini kabisa kunaweza kuwa ndiyo kosa lenyewe? Udevu uliojikunja, ukikatwa kwa ncha kali karibu na ngozi, unaweza kukua kwa kupinda na kuichoma ngozi kutoka nje. Ukikatwa chini ya ngozi, unaweza usitoke kabisa, ukatoboa ukuta wa kinyweleo kutoka ndani. Mwili unaupokea kama mwiba: uvimbe, usaha, kisha alama nyeusi shingoni na chini ya taya. Ndivyo vipele vya ndevu, na huwapata zaidi wanaume Weusi. Jeshi la Marekani kwa miaka mingi lilikuwa likitoa vibali vya kitabibu vya kutonyoa kwa sababu ya vipele hivi.

Kwa mtu wa namna hiyo ushauri mwingi wa juu unageuka. Asivute ngozi. Asiende kinyume na ndevu. Asirudie palepale akitafuta ulaini wa kioo. Ile milimita 0.05 tuliyoilalamikia inamkinga, na akiacha kisiki cha milimita moja kwa mashine ya kupunguzia, vipele vingi hupungua vyenyewe. Kisiki kinachoonekana kidogo ni bei nafuu, na wasimamizi wa ofisi wanaodai mashavu ya kung'aa wangefaa kulijua hilo. Vipele vikigeuka vinundu vigumu, aende kwa daktari wa ngozi badala ya kubadilisha mafuta kila mwezi.

Je, wajua kwamba lile sanduku la mwanga wa buluu kwenye saluni halisafishi mashine iliyojaa nywele? Mwanga wake wa urujuanimno hufanya kazi pale unapogusa tu. Kwenye kivuli, chini ya mafuta na nyuma ya nywele zilizonasa, haufiki. Kinyozi anayeanza kwa brashi, kisha spiriti, ndiye wa kumpa shingo yako. Na ya nyumbani iwe ya mtu mmoja, kwa sababu mashine huweza kuchuna ngozi bila damu kuonekana.

Je, wajua kwamba ndevu za siku tatu ni ndefu mno kwa wavu? Zimelala, haziingii tunduni. Zipunguze kwanza kwa kile kikatio kinachochomoza mgongoni mwa mashine, kisha rudi na wavu.

Je, wajua kwamba kunyoa hakuongezi wingi wala unene wa ndevu? Mildred Trotter, mtaalamu wa anatomia wa Marekani, alilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1928. Udevu ambao haujakatwa una ncha nyembamba. Uliokatwa una ncha butu, na ubutu ndio unaouhisi kwa kidole.

Je, wajua kwamba ngozi inahitaji wiki mbili hadi nne kuizoea mashine? Anayechanganya, leo wembe kesho umeme, anaanza upya kila mara.

Je, wajua kwamba tone moja la mafuta ya cherehani linaweza kuirudishia mashine ujana wake? Sabuni ya maji inaosha vumbi la ndevu, lakini inaondoka na ulainisho pia. Paka tone juu ya wavu, washa kwa sekunde chache, futa. Brashi itumike kwenye kisu, kamwe isitumike kwenye wavu, kwa maana unapasuka. Na kabla ya kuosha, tafuta alama ya bomba kwenye mwili wa mashine. Zisizo nayo zinakufa kwa maji.

Je, wajua kwamba kila kisu cha mashine ya visahani kina mwenzake? Kisu na kifuniko chake hunolewa pamoja na kuzoeana. Ukivichanganya wakati wa kusafisha, vitahitaji wiki kadhaa kurudi katika hali yake, nawe utadhani mashine imezeeka ghafla. Safisha kimoja, kirudishe, ndipo ufungue kingine.

Je, wajua kwamba watengenezaji wengi wanataka kichwa kibadilishwe kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili? Kabla hujanunua mashine ya bei rahisi Kariakoo au River Road, muulize muuzaji kama wavu wake wa akiba unapatikana. Akibabaika, mashine hiyo ina maisha ya wavu mmoja.

Je, wajua kwamba mfanyabiashara Victor Kiam alinunua kampuni nzima ya mashine za kunyolea ya Remington mwaka 1979, na katika matangazo akasema ni kwa sababu aliipenda mashine aliyozawadiwa na mkewe?

Je, wajua kwamba ile soketi ya matundu mawili kwenye bafu la hoteli, yenye picha ya mashine ya kunyolea, ina transfoma ndogo nyuma yake? Inatenga umeme wa bafuni na ule wa nyumba, hatari ya kupigwa shoti ikapungua. Uwezo wake ni kama wati 20 hadi 50, unaotosha kabisa kwa ndevu. Mgeni anayechomeka pasi hapo kwa adapta atatoka na shati lenye makunyanzi.